GIA ZIKATAAPO BAADA YA KUBADILI INJINI YA LAND ROVER

Somo kwa madereva, mafundi na wenye magari wa Kisii na Nyamira

Nchi ya Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima. Mji wa Kisii wenyewe umekaa juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na barabara za kwenda Keroka, Ogembo, Nyamira na Manga hupanda na kushuka bila kupumzika. Mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na njia za udongo wa rangi nyekundu zikilowa huteleza kama sabuni. Katika nchi ya namna hii gia ni sawa na breki ya pili. Dereva anayeteremka na mzigo wa ndizi au majani ya chai hutegemea gia ndogo izuie gari. Gia hiyo ikiruka na kutoka mahali pake katikati ya mteremko, gari lote huangukia breki za miguu peke yake, na breki zikipata moto sana hupoteza nguvu. Kwa hiyo gia inayokataa si taabu ya mkono wa dereva tu. Ni jambo la uhai wa watu.

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948, na gari la mwisho la umbo lile la zamani lilitoka kiwandani Uingereza mwezi wa Januari, 2016. Hapa Kenya magari hayo yaliunganishwa pia Thika kuanzia miaka ya 1970. Mengi yangali na chesisi nzima na bodi ya aluminiamu isiyoshika kutu upesi, lakini injini zake za kwanza zimechoka. Wenye magari wengi wameona faida ya kuondoa injini ya petroli iliyochakaa na kutia injini ya dizeli ya Isuzu au ya Toyota. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, gari hupata maisha mapya. Lakini mara nyingi, siku ile ile injini mpya inaponguruma kwa furaha ya watu wote, dereva hukanyaga klachi, hushika levera, na gia hukataa kuingia. Au huingia kwa kelele ya chuma kusaga chuma.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu husema, “Giaboksi imekufa,” akaifungua yote, akanunua gia na beringi, akafunga tena, na taabu ikabaki pale pale. Lakini giaboksi iliyokuwa ikifanya kazi vizuri juzi haifi kwa sababu injini imebadilishwa leo. Kwanza yafaa kuuliza ni kitu gani kilichobadilika kati ya injini na giaboksi.

NGUVU YA INJINI INAVYOPITA

Ili kujua kosa lilipo, sharti kujua njia ya nguvu. Nyuma ya injini liko gurudumu zito la chuma, liitwalo flaiwili. Juu yake hukaa pleti ya klachi, na juu ya pleti hukaa presha pleti yenye springi kali, ambayo huibana pleti kwenye flaiwili. Katikati ya pleti hupita shafti ya kuingilia giaboksi. Ncha ya shafti hiyo hushikwa na bushi ndogo ya shaba nyeusi, au beringi ndogo, iliyo ndani ya mwisho wa kranki ya injini.

Dereva akikanyaga klachi, mafuta ya breki husukumwa kutoka silinda ya juu, iliyo karibu na pedali, hadi silinda ya chini, iliyo kando ya giaboksi. Silinda ya chini husukuma uma wa klachi. Uma husukuma beringi. Beringi hubonyeza springi. Na pleti huachiwa huru. Injini huendelea kuzunguka, lakini shafti ya giaboksi husimama. Wakati huo ndipo gia huweza kuingia kwa upole.

Basi, pleti isipoachiwa kabisa, shafti huendelea kuzungushwa kidogo kidogo, na gia hukataa. Hiyo huitwa klachi isiyoachia. Isichanganywe na klachi inayoteleza, ambayo injini hulia sana kilimani lakini gari haliongezi mwendo. Magonjwa hayo mawili ni kinyume, na dawa zake ni mbalimbali.

MAJARIBIO MANNE YASIYOHITAJI SPANA

Kabla ya kufungua bolti hata moja, fundi na afanye majaribio haya kwa utaratibu.

La kwanza: Zima injini. Kanyaga klachi, ingiza kila gia moja baada ya nyingine. Kama zote zaingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa, na zakataa ikiwa inanguruma, basi kosa karibu hakika ni la klachi au la bushi ya ncha ya shafti. Kama zakataa hata injini ikiwa imezimwa, kosa ni la levera, la fimbo za kuchagua gia, au la ndani ya giaboksi.

La pili: Washa injini, iache ingurume polepole, gia ikiwa huru. Kanyaga klachi hadi chini, hesabu polepole hadi kumi, kisha ingiza gia ya kurudi nyuma. Muda huo wote watosha shafti kusimama. Kama gia bado yasaga, kuna kitu kinachoizungusha shafti.

La tatu: Kanyaga pedali mara tatu au nne kwa haraka, kisha ujaribu gia tena. Ikiingia vizuri baada ya kupigapiga pedali, basi hewa imo katika bomba, au raba za silinda zimekwisha.

La nne: Mtu mmoja akanyage klachi, mwingine atazame uma na kupima kwa rula ni milimita ngapi fimbo ya silinda ya chini inasogea. Andika hesabu hiyo. Itafaa baadaye.

Majaribio haya hayachukui nusu saa, wala hayagharimu kitu. Mwenye gari ana haki ya kumwomba fundi ayafanye mbele yake kabla ya kukubali giaboksi ishushwe.

SABABU ZA KLACHI KUTOACHIA

Sababu nyepesi kuliko zote ni hewa. Mabomba yakifunguliwa wakati wa kubadili injini, hewa huingia, na hewa hubanwa bure badala ya kusukuma uma. Toa hewa mpaka mafuta yatoke bila mapovu, na utumie mafuta safi ya breki. Mafuta ya injini yakitiwa humo huharibu raba.

Sababu ya pili ni silinda zisizolingana. Watu wengi hubakiza silinda ya juu ya Land Rover na kutumia silinda ya chini iliyokuja na klachi ngeni. Tuseme silinda ya juu ina upana wa milimita 19 na fimbo yake husogea milimita 30. Kama silinda ya chini ina upana wa milimita 22, fimbo yake itasogea kama milimita 22. Lakini kama upana wake ni milimita 25, fimbo itasogea kama milimita 17 tu. Pedali itakuwa nyepesi na dereva atasifu, lakini milimita tano zimepotea, na hizo hizo ndizo zilizotakiwa kuiachia pleti. Hapa ndipo kipimo cha jaribio la nne kinapoonyesha faida yake.

Sababu ya tatu ni pleti iliyofungwa kinyume. Kila pleti ina upande wa flaiwili na upande wa giaboksi. Ikigeuzwa, kitovu chake huweza kugusa bolti za flaiwili, na haiachii kamwe.

Sababu ya nne ni kitovu cha pleti kilichopindwa. Katika karakana nyingi za jua kali injini huning'inizwa kwa mnyororo juu ya mti au nguzo, na giaboksi husukumwa kwa mikono. Kama giaboksi imeachwa ining'inie kwa uzito wake juu ya shafti, hata dakika moja, pleti hupinda. Jicho haliwezi kuona, lakini pleti iliyopinda hugusa flaiwili kila inapozunguka. Giaboksi na ishikiliwe na jeki au magogo mpaka bolti zote zishike.

Sababu ya tano ni kutu. Mara nyingi gari hukaa miezi mingi bila injini huku mwenyewe akitafuta fedha. Mvua za Kisii hazingojei. Flaiwili hushika kutu, na pleti hugandamana nayo. Flaiwili na presha pleti zisafishwe kwa msasa, na zifutwe mafuta yote, kabla ya kufungwa.

BUSHI NDOGO NA BAMBA LA KUUNGANISHA

Injini ya Isuzu au ya Toyota haikutengenezwa kushikana na giaboksi ya Land Rover. Matundu ya bolti hayalingani. Kwa hiyo fundi hutengeneza bamba la chuma au la aluminiamu la kuunganisha vitu hivyo viwili, na bushi mpya ya ncha ya shafti. Hapa ndipo penye siri ya taabu nyingi.

Bushi ikiwa nyembamba mno, hubana shafti, na kranki huizungusha shafti moja kwa moja. Hapo klachi yaweza kuwa nzima kabisa, uma ukasogea sawasawa, na gia bado zikasaga. Bushi ikiwa pana mno, ncha ya shafti huyumba, na pleti haikai katikati. Bushi ya shaba nyeusi ya kunywa mafuta ilowekwe katika mafuta ya injini kabla ya kutiwa, kwa maana hufanya kazi gizani na hapana atakayeipaka tena. Kabla ya kufunga, itiwe kwenye shafti kwa mkono: sharti izunguke kwa urahisi bila kuchezacheza.

Unene wa bamba nao una sheria yake. Bamba likiwa jembamba mno, ncha ya shafti husukuma kranki. Likiwa nene mno, ncha haiifikii bushi vizuri. Giaboksi yapasa kukaa juu ya bamba kwa kusukumwa na mkono. Ikiwa umebaki mwanya, hata wa upana wa kidole, usiuvute kwa bolti. Mwanya huo ni onyo. Atakayeuvuta kwa nguvu huvunja kifuniko cha klachi au huharibu beringi za kranki.

Tena bamba sharti liwe katikati kabisa. Bolti peke yake haziweki kitu katikati, kwa sababu matundu yake ni mapana kuliko bolti. Kazi hiyo ni ya pini mbili nene zinazobana. Fundi mwangalifu hufunga geji ya saa juu ya flaiwili, huizungusha kranki kwa mkono, na kupima kama tundu la bamba ni sawa pande zote. Kosa likizidi karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, bamba na lisogezwe kabla pini hazijatobolewa. Asiye na geji aende kwa fundi wa mashine ya kukereza, au kwa walimu wa ufundi wa magari wa chuo kama Kisii National Polytechnic. Kupima mara moja ni rahisi kuliko kushusha giaboksi mara tatu.

LEVERA INAYOGUSA BODI

Katika Land Rover za zamani levera ya gia husimama juu ya giaboksi yenyewe na kupita katika tundu la sakafu. Injini mpya ikiwa ndefu, giaboksi huenda ikasogezwa nyuma au kuinamishwa kidogo. Tundu la sakafu halikusogea. Basi levera hugonga ukingo wa tundu, au sanduku la kiti, kabla gia haijaingia yote. Gia huonekana imeingia, lakini meno yake yameshikana nusu tu. Gari likipata mzigo au likishuka mlima, gia huruka nje.

Dawa yake ni rahisi. Ondoa vifuniko vya sakafu, uendeshe gari mahali pa usalama, utazame. Gia ikiacha kuruka, panua tundu au upinde levera. Tena angalia raba za kushikilia injini. Injini ya dizeli hutikisika kuliko ya petroli. Raba dhaifu zikiiacha ijitupe huku na huku, levera nayo hutupwa, na gia hutoka. Kama sakafu iko wazi, raba ni nzima, na gia bado yaruka, hapo ndipo ifaapo kufungua giaboksi na kutazama springi na vipira vidogo vya chuma vinavyoshika fimbo za kuchagua gia.

MAFUTA NA MKONO WA DEREVA

Giaboksi za Land Rover za Series hutumia mafuta mazito ya gia ya daraja la 90. Giaboksi za gia tano zilizokuja baadaye, kama LT77 na R380, hutaka mafuta mepesi. Anayetia mafuta mazito katika giaboksi ya gia tano ataona gia ngumu kila asubuhi ya baridi ya Keroka, na laini ifikapo saa sita mchana. Ugonjwa unaopona kwa jua ni ugonjwa wa mafuta.

Jambo jingine ni la dereva mwenyewe. Land Rover za zamani, kabla ya Series III ya mwaka 1971, zina sinkro katika gia ya tatu na ya nne tu. Gia ya kwanza na ya pili hazina, na zikilia kidogo si ugonjwa. Dereva akipanda gia akanyage klachi, atoe gia, aachie klachi kidogo, akanyage tena, ndipo aingize. Akishuka gia, aongeze mafuta kidogo katikati, gia ikiwa huru. Injini ya dizeli yenye flaiwili nzito hupunguza mwendo polepole kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo wakati wa kupanda gia sharti angoje kidogo zaidi ya alivyozoea. Gari likiwa limesimama, agusishe levera kwenye gia ya tatu kwanza ili shafti isimame, kisha aingize ya kwanza au ya kurudi nyuma.

MFANO

Na tuchukue mfano wa mwenye gari ambaye Land Rover yake imetiwa injini ya dizeli, na gia ya kwanza yasaga.

“Fundi,” asema, “nimeambiwa giaboksi imeisha. Nimeuza ng'ombe ninunue nyingine.”

“Pole, mzee,” ajibu fundi. “Zima injini kwanza. Ingiza gia zote.”

Zote zaingia. Fundi awasha injini, ahesabu hadi kumi. Gia ya nyuma yasaga. Pedali yapigwapigwa, hapana nafuu. Kwa hiyo si hewa. Fimbo ya silinda ya chini yapimwa, yasogea milimita 22, na hicho ndicho kipimo kilichotakiwa na klachi ile. Kwa hiyo silinda ni sawa.

“Mzee,” asema fundi, “giaboksi yako ni nzima. Kitu kinachozungusha shafti kimo kati yake na injini. Tutaishusha, lakini hatutaifungua.”

Giaboksi yashushwa. Bushi yakutwa kavu na imebadilika rangi kwa moto, imeishika ncha ya shafti. Bushi mpya yakerezwa kwa kipimo, yalowekwa mafuta, yatiwa. Gia zaingia. Ng'ombe mmoja kwa bushi isiyojaa kiganja: hiyo ndiyo hasara ambayo mzee angeipata kama fundi hangepima kabla ya kusema.

TAHADHARI NA SHERIA

Breki ya mkono ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Hushika shafti ya nyuma inayotoka giaboksi. Kwa hiyo gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, gari laweza kubingirika ijapokuwa breki ya mkono imevutwa. Propela shafti ya nyuma ikifunguliwa, breki hiyo haipo tena kabisa. Kila mara weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu, chagua mahali tambarare, na usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Tena injini ina namba yake, nayo imeandikwa katika kitabu cha gari. Namba ikibadilika, mwenye gari hana budi kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama na kupeleka gari likaguliwe. Aweke hati ya kununulia injini, ili akisimamishwa njiani aweze kuonyesha kwamba mali ni yake kwa haki.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Gia zikiingia injini ikiwa imezimwa, na kukataa ikiwa inanguruma, usifungue giaboksi. Tazama klachi na bushi.

2. Pima safari ya fimbo ya silinda ya chini kabla ya kununua kitu chochote.

3. Usiache giaboksi ining'inie juu ya pleti, wala usivute mwanya kwa bolti.

4. Gia ikiruka, tazama sakafu na raba za injini kwanza. Mpaka kosa lipatikane, gari lisibebe watu wala mzigo mteremkoni.

5. Tia mafuta yanayotakiwa na giaboksi hiyo, si yale yaliyo karibu.

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gia inayosaga leo kwa sababu ya bushi, ikilazimishwa kila siku, baada ya miezi michache itakuwa imekula meno yake kweli, na hapo neno la kwamba giaboksi imekufa litakuwa limetimia. Mwenye gari na fundi wakikaa pamoja nusu saa na kufanya yale majaribio manne, watajua pa kuanzia.